Mchuuzi katika Bamba la Shaba

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha hujua kwamba amefika Korogwe hata kama hakusoma kibao. Basi lipunguzapo mwendo tu, ubavu wake hujaa mikono. Mkono huu una sinia la mayai ya kuchemsha, na chumvi na pilipili katika kikaratasi. Ule una machungwa yaliyokwisha kumenywa yakabaki meupe. Mwingine una mahindi ya kuchoma, mwingine korosho, mwingine ndizi. Kwa abiria aliye kitini vitu hivyo hupanda mpaka dirishani kana kwamba vimejiinua vyenyewe. Aliyevibeba yuko chini, na aghalabu haonekani ila vidole vyake.

Miezi michache iliyopita nilinunua machungwa kwa njia hiyo hiyo. Nilionyesha vidole vitano, machungwa matano yakatiwa katika kimfuko, kimfuko kikapanda, nikakipokea. Mkono wangu ungali unatafuta fedha, dereva akaondoa gari. Yule mchuuzi alikimbia nasi hatua kumi na tano hivi, akilipiga basi kofi ubavuni, kisha akabaki nyuma katika vumbi. Baadhi ya abiria walicheka. Mimi nilibaki na noti ya shilingi elfu moja mkononi na mali ya mtu mapajani. Sikumbuki kama machungwa yale yalikuwa matamu.

Majuma matatu baadaye kazi ilinipeleka Handeni, nami nikaona ni wajibu wangu kushuka Korogwe nilipe deni kabla ya kuishika barabara ya Handeni. Nikamwendea mama mmoja mtu mzima aliyekuwa kivulini akimenya machungwa, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza habari yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, lakini kisu chake hakikusimama.

"Alikuwaje huyo, baba?" akaniuliza. "Ni msichana au mtu mzima? Mweusi au maji ya kunde?"

Sikuweza kujibu. Nilichokumbuka ni sinia la bluu lenye ua jekundu katikati. Mama yule akatazama huku na huku, nami nikatazama pamoja naye. Masinia ya bluu yalikuwa mengi.

"Basi wewe, baba, uliona sinia," akasema. "Mtu hukumwona."

Nikamwomba aipokee noti yeye, ampe mwenyewe siku atakapojulikana. Akakataa kwa upole. "Nikiipokea nitampa nani? Hapo deni litakuwa limetoka kwako limehamia kwangu."

MTU WA MASOKONI

Ndugu msomaji, maneno ya mama yule yalinirudisha katika kitabu cha michoro nilicho nacho nyumbani, ambacho nilikuwa nimekipitia mara nyingi bila kukisoma. Ndani yake mna kazi za mchoraji mmoja, Camille Pissarro, aliyewachora wachuuzi wa vyakula katika magulio na mitaa ya miji midogo ya Ufaransa. Hapo nyuma nilidhani ni picha za masoko tu, wala sikujiuliza zina maana gani. Sasa naona kwamba mtu huyu alitumia maisha yake kujibu swali lile nililoshindwa kulijibu Korogwe: alikuwaje?

Yafaa tujue kwanza atokako. Pissarro hakuzaliwa Ufaransa. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1830 katika kisiwa cha St. Thomas, katika bahari ya Karibi, ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Denmark. Wazee wake walikuwa Wayahudi wenye duka katika mji wa Charlotte Amalie. Utumwa ulikuwa halali kisiwani humo mpaka mwanzo wa Julai 1848, siku chache kabla kijana huyu hajatimiza miaka 18. Kwa hiyo, miongoni mwa watu wa kwanza aliowaona wakibeba mizigo na kuchuuza njiani walikuwamo watu wenye asili ya Afrika, watumwa na watoto wa watumwa. Hao ndio aliojifunzia kuchora. Mwaka 1852 alikwenda Venezuela pamoja na mchoraji wa Kidenmark, Fritz Melbye, akakaa huko mpaka 1854 akichora masoko na watu wa kawaida. Alipofika Ufaransa mwaka 1855, macho yake yalikuwa yamekwisha kumzoea mwanamke mwenye kikapu.

Huko Paris aliungana na wachoraji ambao baadaye walipewa jina la Waimpresionisti. Hawa waliacha desturi ya kuchora wafalme, vita na hadithi za kale. Wakatoka nje kuchora mwanga wa jua, hewa, barabara na mambo ya siku ile ile. Kati ya mwaka 1874 na 1886 walifanya maonyesho manane, na Pissarro peke yake ndiye aliyeshiriki yote manane. Mkewe, Julie Vellay, alikuwa mtumishi wa jikoni katika nyumba ya wazee wa Pissarro kabla hawajaoana mwaka 1871. Picha zilipokosa wanunuzi, jambo lililotokea mara nyingi, mama huyo alilima mboga na kufuga kuku ili watoto wale. Mchoraji huyu, basi, hakuijua bei ya kabichi kwa kusimuliwa.

SINDANO, NTA NA TINDIKALI

Picha ninazozizungumzia hapa si za rangi ya mafuta. Ni michoro ya bamba la chuma, na haina budi kuelezwa namna ifanywavyo, kwa kuwa sehemu ya maana yake imo katika ufundi wenyewe.

Fundi huchukua bamba la shaba au zinki, akalipaka nta nyembamba, kisha akachora juu ya nta hiyo kwa sindano. Kila sindano inapopita, nta huondoka na chuma huonekana. Bamba hutiwa katika tindikali. Tindikali hula mahali palipo wazi tu, ikaacha mifereji midogo. Nta huondolewa, wino husuguliwa katika mifereji hiyo, juu ya bamba hupanguswa, kisha karatasi iliyoloweshwa kidogo hulazwa juu yake na kukandamizwa kwa mashine. Wino hupanda kutoka mferejini hadi karatasini. Njia nyingine ni kukwaruza bamba kwa sindano bila tindikali. Hapo chuma huinuka kando ya mstari kama udongo kando ya tuta la jembe, na wino ushikao hapo hutoa mstari mweusi ulio laini. Lakini kituta hicho hulainika upesi mashineni, na nakala nzuri huwa chache.

Jambo moja zaidi. Picha hugeuka. Aliye upande wa kuume bambani huwa upande wa kushoto karatasini. Fundi wa kazi hii analazimika kuitazama dunia kutoka upande wa pili.

Kwa njia ya kukwaruza, mwaka 1878, Pissarro alimchora mwuza kokwa ziitwazo marron katika gulio la Mtakatifu Martin huko Pontoise, mji mdogo karibu na Paris. Kokwa hizo huchomwa juu ya moto wakati baridi inapoanza, zikauzwa zingali za moto, kama sisi tuuzavyo mahindi ya kuchoma. Mwaka 1891 alichora soko la mboga la mji huo huo. Kisha, mwaka 1894 na 1895, alitengeneza kwa rangi mchoro wa soko la Gisors katika mtaa wa Cappeville, mji ulio karibu na kijiji cha Éragny alikohamia mwaka 1884. Mwaka huo wa 1894 ndipo alipopata mashine yake mwenyewe ya kupigia chapa.

ALAMA ISIYOJIFICHA

Watu wengi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa kutafuta alama katika picha: kondoo ni fulani, funguo ni za fulani, yungiyungi ni usafi. Ukiitazama michoro hii kwa mafunzo hayo utarudi mikono mitupu. Kikapu ni kikapu. Kabichi ni kabichi. Hakuna malaika juu ya paa.

Wala si kwamba Pissarro hakujua kutumia alama. Mwishoni mwa mwaka 1889 alitengeneza kwa kalamu kitabu cha michoro ya kuwafunza ndugu zake ubaya wa utawala wa fedha, akakiita Turpitudes Sociales, yaani aibu za jamii. Katika ukurasa wa kwanza kuna mzee mwenye mundu mkubwa na chombo cha mchanga cha kupimia wakati, akilitazama jua likichomoza nyuma ya mnara wa Eiffel. Hapo alama zimejaa tele. Lakini mtu huyo huyo, alipomwandikia mwanawe Lucien mwaka 1891, alimlaumu mchoraji Gauguin kwa kukimbilia mambo ya miujiza na kuyaacha mawazo ya wakati wake. Kwa maoni yake Pissarro, aliyeipenda haki ya watu wadogo hakuwa na haja ya kuwafunika kwa mafumbo.

Basi maana iko wapi? Mimi naiona mahali patatu.

Kwanza, katika nafasi. Picha za zamani ziliweka mchuuzi pembeni, kama pambo la barabara apitayo bwana mkubwa. Katika michoro hii hakuna bwana mkubwa. Wanawake waliofunga vitambaa vichwani na aproni viunoni ndio walioijaza karatasi, na nyumba za mji zimekaa nyuma yao. Mji umekuwa pambo la mchuuzi.

Pili, katika wingi. Vichwa vimesongamana, huyu akimficha yule nusu, hata usiweze kusema kwa urahisi nani anauza na nani ananunua. Wote wamevaa sawa, wote wametoka mashambani, leo huyu ana mayai na kesho yule ana vitunguu. Sokoni hapa chakula hakitoki mbinguni wala dirishani, bali hutoka mkononi mwa mtu kwenda mkononi mwa mtu. Ndiyo alama kubwa ya michoro yote, nayo haikufichwa.

Tatu, katika mchoro kuwa bidhaa. Picha ya mafuta ni moja, na hununuliwa na mwenye nyumba kubwa. Mchoro wa bamba hutoa nakala, na kila nakala ni kazi ya mikono: kupaka wino, kupangusa, kukandamiza. Ajapozipiga chapa chache tu, Pissarro naye alikuwa mtu wa kukaa na sinia lake akingoja mnunuzi.

NA SISI JE?

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni ya Ufaransa. La, ndugu yangu. Nchi hii imekuwa na wachoraji waliojua jambo hilo hilo. Sam Ntiro wa Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923 na kuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika huko London, alichora wanakijiji wakifanya kazi na kupelekeana pombe ya ndizi. Picha yake moja ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York mwaka 1960. Edward Saidi Tingatinga, kabla jina lake halijawa jina la uchoraji mzima, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya mkoa huu wa Tanga. Alipokwenda Dar es Salaam aliuza mboga na matunda, na hata picha zake ziliuzwa nje, karibu na Morogoro Stores huko Oyster Bay. Mchoraji wetu mashuhuri kupita wote alikuwa mchuuzi wa barabarani. Alifariki mwaka 1972.

Lakini namna sisi wengine tulivyowatazama wachuuzi ina historia ndefu isiyopendeza. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvukazi iliyomtaka kila mwenye uwezo afanye kazi, na katika msako uliofuata mijini wachuuzi wengi walihesabiwa kuwa wazururaji. Mtu aliyeamka saa kumi za usiku kukanda maandazi aliambiwa hana kazi. Desemba 2018 ndipo serikali ilipoanza kugawa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, na wengi kwa mara ya kwanza wakatambuliwa kwa karatasi. Mwishoni mwa mwaka 2021 wachuuzi wakaondolewa kando ya barabara katika miji mingi na kuelekezwa mahali palipotengwa.

Sisemi kwamba utaratibu haufai. Sinia lililo katikati ya njia ya magari ni hatari, na kwanza kwa mwenye sinia. Nasema kwamba utaratibu wa kumpanga mtu ambaye hukumtazama hupotea. Jengo la Machinga Complex huko Ilala, Dar es Salaam, lilijengwa kwa nia njema, lakini kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu, kwa sababu mnunuzi hakupita huko. Waliopanga waliona bidhaa na vibanda. Hawakuuona ule mkono unaokutana na mkono.

Fikirini habari ya machungwa matano tu. Handeni ni nchi kame, ambayo maji yake ya bomba yalivutwa kutoka mto Pangani upande wa Korogwe. Hata hivyo wilaya hiyo hiyo, karibu na Segera, ina mahali paitwapo Michungwani, na jina lenyewe laeleza. Chungwa halina budi kuchumwa, kupakiwa, kununuliwa kwa jumla, kubebwa hadi stendi, kumenywa moja moja kwa kisu kikali bila kuujeruhi utando mweupe, maana likijeruhiwa hukauka na halinunuliwi. Kisha huinuliwa juu ya kichwa kwa muda wa dakika chache ambazo basi limesimama, na kushindana na masinia mengine ishirini. Lisiponunuliwa leo, kesho limeharibika. Katika elfu moja ile niliyoondoka nayo, faida ya mchuuzi ilikuwa ndogo. Hasara niliyomtia ilikuwa nzima.

Jioni ile nilifika Handeni. Katika njia iendayo sokoni alikuwapo mwanamke akichoma mahindi juu ya jiko la makaa. Alikaa juu ya kigoda, ukili wa kupepea mkononi, moshi ukimpita usoni naye akigeuza kichwa kidogo tu, bila kuacha kazi. Nilimkumbuka mwuza kokwa wa Pontoise aliyekwaruzwa katika chuma mwaka 1878. Kati ya wawili hao kuna bahari na zaidi ya miaka 140, lakini moto ni ule ule, na kungoja ni kule kule.

Nilitoa fedha kwanza. Akashangaa. "Mbona unalipa hata hujachagua?" Nikamwambia nimejifunza Korogwe. Akanichagulia hindi mwenyewe, akalipaka ndimu na chumvi. Nilimtazama: mtu wa makamo, mwembamba, kovu dogo la moto juu ya kifundo cha mkono wa kuume, kanga ya kijani iliyofifia, meno meupe, sauti ya chini. Siku mtu akiniuliza alikuwaje, nitajibu.

Kwa ndugu zetu walio katika halmashauri na kamati zinazoamua stendi ikae wapi na wachuuzi wakae wapi, sina fundisho kubwa. Kabla ya ramani, nendeni stendi mkashuke katika gari. Simameni chini, upande ule wa sinia, mlitazame dirisha kutoka huko kama fundi wa bamba atazamavyo picha yake kinyume. Ulizeni basi husimama dakika ngapi, kivuli kiko wapi, maji yako wapi, choo kiko wapi, mtoto mchanga analazwa wapi. Hayo hayaonekani kutoka kitini.

Na kwetu sisi abiria, fundisho ni dogo zaidi: fedha iwe mkononi kabla ya chungwa, na macho yapite sinia yamfikie mtu.

Noti ile ya elfu moja ningali nayo. Kila nipitapo Korogwe huitoa, nikatazama chini dirishani uso kwa uso. Mpaka leo hajatokea wa kunidai.